Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya na utafiti Kanda ya Ziwa: tafiti za korona zisomwe na wataalamu wetu kabla hazijatufikia kama uvumi

Kwa wasimamizi wa afya ya jamii na wakuu wa taasisi za utafiti wa tiba,
Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUUNDWA KWA JOPO LA KUPITIA KWA HARAKA TAFITI MPYA ZA VIRUSI VYA KORONA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni tabibu katika zahanati iliyo jirani na mwalo wa wavuvi, upande wa Mwanza wa Ziwa Victoria. Jambo ninaloliandika leo nililiandika kwanza kwa njia zinazotakiwa: kupitia kwa msimamizi wangu, kisha ofisi iliyo juu yake, kisha katika vikao vya robo mwaka, ambako liliwekwa kwenye mengineyo na likaishia humo. Sikukataliwa. Niliambiwa kwamba linafanyiwa kazi. Ofisi hiyo sitaitaja, kwa sababu baadhi ya waliokuwamo wamekwishahamishwa, waliobaki ni waungwana, na kumwaibisha mtu hakutaniletea ninachokiomba. Ninaandika hadharani kwa kuwa njia ya faili imefika mwisho.

Ninachokiomba ni jopo la kudumu la wataalamu wa Kanda hii, litakalosoma tafiti mpya za virusi vya korona mara zinapotoka, na ndani ya siku chache kutueleza kwa Kiswahili utafiti umesema nini, una uzito kiasi gani, na unamhusu vipi mgonjwa anayeletwa kwangu kwa bodaboda kutoka mwaloni. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Utafiti unafika mwaloni kabla ya mtaalamu. Tangu mwanzo wa 2020, sehemu kubwa ya habari za kisayansi kuhusu korona imekuwa ikitoka kwanza kama maandiko ya awali, yaani ripoti ambazo watafiti wenyewe huziweka kwenye hifadhi za mtandaoni kama medRxiv na bioRxiv kabla wanasayansi wenzao hawajazikagua. Hifadhi hizo hazifichi jambo hilo. MedRxiv huandika wazi kwamba maandiko yake hayajapitiwa na hayapaswi kutumiwa kuongoza tiba. Onyo hilo, hata hivyo, halisafiri pamoja na habari yenyewe. Tarehe 31 Januari 2020 liliwekwa bioRxiv andiko lililodai kuwa vipande fulani vya kirusi kipya vinafanana, kwa namna ya kutia shaka, na vya virusi vya UKIMWI. Wanasayansi waliolisoma walionyesha upesi kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na hupatikana kwa viumbe wengine wengi, na waandishi wakaliondoa siku mbili baadaye. Kwenye simu za watu halikuondolewa. Jamii za wavuvi zina maambukizi ya VVU yaliyo juu kuliko wastani wa Taifa, na wateja wetu wa CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU) waliponiuliza kama magonjwa haya mawili ni kitu kimoja, walikuwa na hofu ya kweli iliyostahili jibu la maandishi kutoka kwa watu wanaoheshimika kuliko tabibu mmoja.

2. Habari njema nayo hudhuru ikifika nusu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hasara ya kukosa jopo inapoonekana wazi zaidi. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliokuwa wakiongoza jaribio kubwa la RECOVERY nchini Uingereza, walitangaza kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliozidiwa. Ilikuwa habari kubwa kwetu kuliko kwa matajiri, kwa sababu dawa hiyo ni ya zamani, ni ya bei ndogo, na tayari tunayo. Ujumbe uliofika huku ulikuwa na maneno machache tu: dawa ya korona imepatikana, inaitwa deksa.

Sasa tazameni matokeo yenyewe, kama yalivyochapishwa baadaye. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa dawa na asilimia 41.4 kwa wasiopewa. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, zilikuwa asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walifariki asilimia 17.8 na wasiopewa asilimia 14.0, maana yake hakukuwa na dalili ya faida na hata madhara hayakuweza kukanushwa. Mgonjwa anayeingia duka la dawa kwa miguu yake mwenyewe, akaomba deksa kwa sababu anakohoa, yumo katika kundi hili la tatu. Aya moja ya Kiswahili, yenye mihuri inayostahili, iliyobandikwa katika kila duka la dawa muhimu kuanzia Kirumba hadi Nansio, ingetosha kulisema hilo.

Tena kuna swali ambalo Oxford hawakuwa na sababu kubwa ya kulijibu, kwa kuwa halikuwa la wagonjwa wao. Katika nchi za joto, yetu ikiwemo, kuna minyoo aina ya strongiloidi, ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua. Dawa za jamii ya deksamethasoni zinapodhoofisha kinga ya mwili, minyoo hiyo huweza kuzaliana kwa wingi, ikasambaa mwilini na kuua. Madaktari wa nchi nyingine walilitolea tahadhari suala hilo katika majarida mwaka uleule wa 2020. Je, mgonjwa wa kisiwani Ukara au Kome, anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu, apewe dawa ya minyoo kwanza, apimwe, au aanzishiwe deksamethasoni palepale kwa kuwa hali ni mbaya? Huo ni uamuzi wa kitaalamu unaotaka watu wanaojua korona na wanaojua minyoo wakae meza moja. Watu hao mnao, na baadhi yao wanafanya kazi umbali wa daladala moja kutoka kwa mwenzake.

3. Kupitiwa na jarida kubwa peke yake si kinga. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchambua taarifa za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, na kusema kwamba hidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, inaongeza vifo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusitisha kwa muda sehemu ya dawa hiyo katika jaribio lake la Solidarity. Kisha zaidi ya watafiti 100 waliandika barua ya wazi wakihoji takwimu zile, kampuni iliyozimiliki, Surgisphere, haikukubali zikaguliwe kikamilifu, na tarehe 4 Juni utafiti ukaondolewa. Jaribio lilikuwa limeruhusiwa kuendelea siku moja kabla.

Mojawapo ya mambo yaliyotiliwa shaka katika barua ile lilikuwa takwimu za Afrika: utafiti ulitaka tuamini kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa na vifo vyote vya bara hili ilikuwa katika hospitali zenye kumbukumbu za kielektroniki za kina, zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani. Waheshimiwa, muuguzi yeyote ambaye amewahi kujumlisha vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za kituo, kwa kalamu usiku wa mwisho wa mwezi angelicheka dai hilo kabla ya kufika ukurasa wa pili. Sisemi kwamba zahanati zingeiokoa Lancet. Ninasema kwamba ujuzi wa kukagua tafiti haukai katika nchi moja, na kwamba sehemu ya ujuzi huo iko huku, haijawahi kuulizwa. (Dawa yenyewe, kwa kumbukumbu, ilipimwa vizuri na jaribio lilelile la RECOVERY na kuonekana Juni 2020 kuwa haisaidii. Utafiti wa uongo na utafiti wa kweli vilitofautiana kwa wiki mbili tu.)

4. Ushauri ukibadilika, hatuambiwi kwamba umebadilika wala kwa nini. Mwanzoni tulifundishwa kuogopa vyuma, noti na nguzo za meli, kwa sehemu kwa sababu ya utafiti wa Machi 2020 ulioonyesha kuwa kirusi kinaweza kuonekana juu ya plastiki na chuma kwa hadi saa 72 katika maabara. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haisambai kwa njia ya hewa. Julai mwaka huohuo wanasayansi 239 waliandika kuhimiza usambaaji wa hewani utambuliwe, na Aprili 2021 mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani ilikadiria kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye kirusi uko chini ya 1 kati ya 10,000 kwa kila mguso.

Kwa watu wa mwambao tofauti hiyo ni kubwa. Biashara ya dagaa inafanyika nje, kwenye upepo, na pale tuliwasumbua akina mama wa vichanja vya dagaa kuliko ilivyostahili. Banda umiza la mpira, lenye watu mia moja, mabati juu na dirisha moja lililozibwa kwa turubai ili wasiolipa wasichungulie, tulilipita kwa sababu mlangoni palikuwa na ndoo ya maji tiririka. Ndoo zile sizijutii, maana kipindupindu nacho hakijatuaga. Lakini ilitakiwa mtu atuambie, mwaka ule ule, kwamba dirisha sasa lina uzito kuliko ndoo.

5. Chanjo. Chanjo ya Johnson & Johnson ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa damu kuganda. Jibu lilikuwepo: Marekani walikuwa wamesimamisha chanjo hiyo Aprili 2021 kwa sababu ya wanawake sita kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8, wakachunguza, wakairudisha ndani ya wiki mbili wakiwa na onyo la maandishi. Ni habari inayojenga imani, kwa kuwa inaonyesha watu wanaohesabu hadi mgonjwa wa sita. Mimi niliitafuta mwenyewe kwa Kiingereza, kwa bando langu, nikaitafsiri kwa mdomo.

Ninafahamu majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimekwishayasikia.

Nitaambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa hakika jopo ninaloliomba lingetupunguzia haraka, maana walio na haraka ni wanaosambaza ujumbe na wauza dawa. Wataalamu wakikaa kimya wakisubiri uhakika kamili, uamuzi hausubiri nao. Unafanyika dukani na nyumbani, usiku, bila wao. Tena haraka yenye nidhamu imeshafanyika kwingine. Mwaka 2020 walimu na wanafunzi wa afya ya jamii wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walijigawa kwa mada, kama vile chanjo, vipimo, dawa, mwenendo wa maambukizi na hatua zisizo za dawa, wakawa wanachagua maandiko yanayostahili kusomwa na kueleza kwa kifupi matokeo, nguvu na udhaifu wa kila moja. Mwaka huohuo shirika la uchapishaji la MIT na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha jarida la kupitia maandiko ya awali ya korona kwa haraka na kuuweka uhakiki wenyewe hadharani. Kazi hizo zilitaka hasa watu wanaojua kusoma utafiti na utaratibu wa kugawana zamu.

Nitaambiwa hakuna wataalamu wa kutosha au hakuna fedha. Hapa Mwanza kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kuna hospitali ya rufaa ya Bugando na chuo kikuu cha afya kilicho jirani nayo, na kuna kitengo cha majaribio ya kitabibu. Mkoa huu ndio uliofanyiwa, kati ya 1991 na 1994, jaribio katika jamii 12 lililoonyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Lilichapishwa Lancet mwaka 1995 na kusomwa dunia nzima. Miaka michache baadaye jaribio la Rakai, ng'ambo ya ziwa nchini Uganda, lililowapa watu wote dawa kwa pamoja, halikuona upungufu huo, na wataalamu wakalazimika kueleza kwa nini matokeo mawili ya kweli yanaweza kutofautiana: hatua ya janga, aina ya magonjwa, namna ya kutoa tiba. Huo ndio ujuzi ninaouomba kwa korona, na ulikuwapo hapa kabla ya baadhi ya wauguzi wangu kuzaliwa. Fedha inayohitajika ni posho ya muda wa kusoma, ambayo hailingani hata na gharama za semina moja ya hotelini.

Nitaambiwa wananchi hawaelewi neno "huenda". Wavuvi wanalielewa kila siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, huandika uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na nahodha wa mtumbwi huamua kutia nanga au kuondoka kwa kuzingatia uwezekano huo. Siku ambayo upepo haukuja hawaiiti Mamlaka waongo. Kinachowaudhi ni tahadhari kutolewa baada ya mitumbwi kuondoka.

Nitaambiwa msemaji ni mmoja na ngazi ya Taifa ndiyo yenye kauli. Sipingi. Jopo litasoma na kushauri. Kutangaza mwenendo wa ugonjwa kutabaki kwa wenye mamlaka. Ila tukumbuke kuwa takwimu za Taifa zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja wahudumu wa chini tulibaki na nyungu (kujifukiza kwa mvuke), simu na dhamira zetu. Kuhusu nyungu yenyewe, hadi leo ningependa kusoma ukurasa mmoja wa haki: nini kinajulikana, nini hakijapimwa, na ni watoto wangapi wanaoweza kuungua kwa mvuke kabla hatujauliza.

Mwisho, nitaambiwa kwamba korona imekwisha. Hali ya dharura ya kimataifa ndiyo iliyotangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023, kirusi hakikumalizika. Ndani ya miaka 20 virusi vitatu vipya vya jamii hii viliwaingia binadamu: cha 2002, cha 2012 na cha 2019. Na Kanda yetu imejua magonjwa mengine ya ghafla, kwani Marburg imetokea Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Jopo linaloanza kazi wakati wa utulivu litakuwa limejifunza kupeana zamu kabla ya usiku mgumu.

Hivyo basi, ninaomba yafuatayo.

(a) Liundwe jopo dogo lenye daktari wa magonjwa ya kuambukiza, mtaalamu wa maabara, mtaalamu wa takwimu, mfamasia, muuguzi, na angalau wahudumu wawili wa zahanati za visiwani wenye sauti kamili, wasiwe waalikwa.

(b) Kwa utafiti unaoweza kubadilisha tiba au kinga, maelezo yatoke ndani ya siku tatu. Kwa mwingine, ndani ya wiki mbili. Yawe ukurasa mmoja wa Kiswahili, yakitaja kama utafiti umepitiwa au ni andiko la awali, ulifanywa kwa watu gani, nani aliulipia, jopo linauamini kwa kiwango gani, na mhudumu afanye nini kesho asubuhi, hata kama jibu ni "usibadilishe chochote".

(c) Jopo likibadilisha kauli, liandike tarehe na sababu, na kauli ya zamani ibaki ikisomeka.

(d) Ifunguliwe namba ya simu ya kupokea maswali kutoka vituoni na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ili ajenda isitoke kwenye majarida peke yake.

(e) Itolewe barua rasmi inayomruhusu mhudumu kunukuu maelezo ya jopo mbele ya wananchi bila kuhojiwa baadaye alipata wapi kibali. Bila hili la tano, manne yaliyotangulia yatabaki kabatini.

Ninaomba jibu kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka, nalo litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa. Kama jibu ni hapana, ninaomba sababu zake, moja moja. Na kama ni ndiyo, zahanati yetu iko tayari kuwa ya kwanza kusomewa rasimu: tutakaa na akina mama wa dagaa na wenye banda umiza, tutawasomea, na tutawarudishia sentensi ambazo hawakuzielewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Tabibu wa zahanati,
Mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza.

Nakala:
Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vya mialo jirani
Wamiliki wa maduka ya dawa muhimu
Wahudumu wa afya ngazi ya jamii